Sare ya Shule na Masomo ya Jioni: Maswali Ambayo Wazazi Huuliza Mara kwa Mara

Kila muhula unapoanza huja maswali yale yale. Nusu yake ni ya sare: rangi ya soksi, urefu wa sketi, sweta iliyopotea. Nusu nyingine ni ya masomo: mtoto hapendi kusoma, nani amsaidie hesabu, alale saa ngapi. Nimefundisha kwa miaka mingi na nimelea wanangu mwenyewe, na naona maswali yote haya yanakutana mahali pamoja: nyumbani, jioni, katika muda ule mfupi kati ya mtoto kuvua viatu na kulala. Hapo ndipo shati hufuliwa, na hapo ndipo somo la leo hukaa kichwani au huondoka. Kanuni za shule hutofautiana, kwa hiyo panapohitajika nimetaja la kwenda kuuliza kwa mwalimu.

SARE

Kwa nini shule inasisitiza sare?

Desturi hii ni ya zamani. Shule ya Christ's Hospital ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1552 kwa ajili ya watoto maskini, iliwavisha wanafunzi wake makoti marefu ya buluu, na mpaka leo vazi lao linafanana na lile. Tazama ilivyoanza: sare ilikuwa nguo aliyopewa mtoto asiye na nguo. Huikumbuka historia hiyo kila ninapomwona mwanafunzi amesimamishwa getini kwa sababu ya soksi.

Sababu zinazotolewa siku hizi baadhi zina uzito. Watoto wakivaa sawa, si rahisi kumjua nani katoka kwenye nyumba yenye uwezo. Asubuhi hakuna mabishano ya nguo. Darasa likienda safari ya mafunzo, mwalimu huwahesabu wanafunzi wake kwa haraka, na mgeni aliyeingia uwanjani hutambulika mara moja. Hayo yanatosha kuitetea sare. Hayatoshi kuitukuza.

Je, sare humfanya mtoto afaulu zaidi?

Sare peke yake, hakuna aliyeweza kulithibitisha hilo. Mwaka 1994 mamlaka ya shule za umma ya Long Beach, California, iliagiza sare kwa shule zake za msingi na za kati, na sehemu nyingi za Marekani zikaiga. Ziliripotiwa habari njema za nidhamu, lakini watafiti wamebishana tangu hapo kama sare ndiyo iliyozileta, maana mambo mengine mengi yalibadilishwa wakati huo huo. Taasisi ya Uingereza ya Education Endowment Foundation, ambayo hukusanya tafiti za elimu na kuzipima, inaona ushahidi wa sare kuinua matokeo ni haba. Taasisi hiyo hiyo inakadiria kwamba mzazi akishirikishwa vizuri katika masomo, mtoto hupiga hatua ya ziada iliyo sawa na wastani wa miezi 4 ya masomo kwa mwaka.

Ukiyaweka mawili hayo pamoja, utajua nguvu zako ziende wapi siku ambayo umechoka na unaweza kufanya jambo moja tu. Kaa na mtoto na daftari lake. Pasi inaweza kusubiri.

Nisome nini kwenye kanuni kabla ya kununua chochote?

Omba kanuni iliyoandikwa. Usitegemee maneno ya mtoto, wala ya jirani ambaye mwanawe alimaliza miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa rangi za sweta hubadilika. Soma ukitafuta haya: nguo gani lazima iwe na nembo ya shule na ipi inaweza kununuliwa popote, viatu vinatakiwa kuwa vya rangi gani na vya namna gani, nywele, hereni na kucha zinasemewaje, na mtoto akikosa kitu kimoja, hatua gani inachukuliwa. Hili la mwisho wazazi wengi hulipita, kisha hulikuta siku mtoto amerudishwa nyumbani.

Kanuni ikisema "viatu vinavyofaa" au "nywele nadhifu" bila kueleza zaidi, uliza kabla ya kutoa pesa. Maneno ya aina hiyo kila mwalimu wa zamu huyasoma kwa macho yake.

Seti ngapi zinatosha?

Mashati mawili au matatu, sketi au suruali mbili, sweta moja, soksi za kutosha siku tano. Mwenye seti moja anaweza kufika nayo mwisho wa muhula ikiwa inafuliwa jioni na kukauka kabla ya alfajiri, ila siku ya mvua atakwama. Pesa ikiwa kidogo, ongeza shati kabla ya kitu kingine. Ukosi na kwapa ndizo huchafuka kwanza, suruali huvumilia.

Ninunue kubwa ili akue nayo?

Kubwa kidogo, ndiyo. Kubwa sana, hapana. Mtoto anayepwaya ndani ya shati hukunja mikono siku nzima, hujikwaa kwa suruali anapokimbia, na wenzake humpa jina ambalo litamfuata mpaka darasa la mwisho. Njia nzuri ni kumwomba fundi aache upindo mpana kwenye sketi, suruali na mikono ya shati, kisha uachie kidogo kila anaporefuka. Kiuno chenye mpira au vifungo viwili vya kurekebisha huongeza mwaka mzima wa matumizi.

Viatu usifanye hivyo. Kiatu kikubwa mno humchubua mguu na kuharibu mwendo wake. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vya miguu, basi.

Mtoto wangu alirudishwa nyumbani kwa kukosa sare kamili. Ni sawa?

Kwangu mimi, si sawa, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linaloumiza watoto kuliko mengine yote hapa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 28, unazitaka nchi zihakikishe kwamba nidhamu shuleni inasimamiwa kwa namna inayoheshimu utu wa mtoto. Ibara hiyo hiyo inazitaka zichukue hatua ili watoto wahudhurie masomo na wanaoacha shule wapungue. Kumtoa darasani kwa ajili ya vazi kunagongana na yote mawili. Mtoto wa miaka minane hana pesa na wala hapangi matumizi ya nyumba. Sweta ni jukumu la mkubwa, adhabu inabebwa na mdogo.

Kuna utafiti uliofanyika Kenya na wachumi akiwamo Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Watoto walipopewa sare bure, utoro ulipungua, na ulipungua zaidi kwa wale ambao hawakuwa na sare kabisa. Wale tulioambiwa ni watoro, kumbe wengine waliona aibu tu. Ukweli mwingine wa utafiti ule ni kwamba watoto wale walipofuatiliwa baada ya miaka kadhaa, faida ile haikuonekana tena. Sare ilimfikisha mtoto darasani. Kumfundisha na kumbakiza humo kulihitaji mengine.

Nami nina deni katika jambo hili. Miaka yangu ya mwanzo, nikiwa mwalimu wa zamu, nilimtoa mstarini msichana aliyevaa viatu visivyo vya kanuni nikamwambia akae nje ya ofisi mpaka mlezi wake aje. Hakuna aliyekuja. Siku ile darasa lake lilianza hesabu za sehemu. Wiki kadhaa baadaye, nikisahihisha madaftari, nilikuta ukurasa wake wa siku ile ni mtupu, na makosa yote yaliyofuata yalianzia hapo. Sijamtoa mwanafunzi mwingine darasani kwa ajili ya viatu tangu wakati ule.

Likikupata, jambo la kwanza ni mtoto arudi darasani, mjadala ufuate. Muone mwalimu wa darasa kabla ya mwalimu mkuu, kwa sababu yeye ndiye anayemjua mwanao. Sema kinachokosekana na lini kitapatikana. Ukijua mapema kwamba kesho atakosa kitu, mpe barua fupi: "Mwalimu, sweta ya mwanangu imepotea. Naomba avae nyingine ya rangi inayokaribiana mpaka tarehe 15. Nitashukuru akiruhusiwa kuendelea na masomo." Mistari hiyo inamwondolea mtoto mzigo wa kujieleza peke yake mbele ya wenzake. Jambo likijirudia, lipeleke kwenye kikao cha wazazi. Mara nyingi wenye shida hiyo ni wengi na kila mmoja ananyamaza akidhani yuko peke yake.

Sina uwezo wa kununua sare mpya. Nianzie wapi?

Anzia shuleni, na uende mapema kabla muhula haujaanza. Uliza kama kuna sare zilizoachwa na waliohitimu, kama nguo ya rangi ile ile isiyo na nembo inakubalika, na kama nembo yenyewe inauzwa kipande ili uishone mwenyewe. Nembo ndiyo hupandisha gharama, kwa kuwa inakufunga kwa muuzaji mmoja. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2021 kuhusu gharama za sare, na mwongozo uliofuata unazitaka shule zipunguze nguo za lazima zenye nembo na zihakikishe sare zilizokwisha kuvaliwa zinapatikana. Hoja hiyo unaweza kuipeleka kwenye kikao cha wazazi popote ulipo.

Wazazi wenyewe pia wanaweza kubadilishana. Kaka kaptura ikimbana, kuna mdogo wa mtu anayeihitaji. Ifue, shona kifungo kilichotoka, kisha uitoe ikiwa nzima. Nguo unayompa mwenzako isiwe ile ambayo mwanao asingeivaa.

Imani yetu inataka vazi fulani, au mwanangu ana tatizo la ngozi. Kanuni inaweza kulegezwa?

Mara nyingi, ndiyo, ukiomba kwa maandishi na ukieleza sababu. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la mwanafunzi wa Kihindu aliyekatazwa kuvaa kipini cha puani, ikaona kwamba kumnyima ruhusa ya kutofuata kanuni hiyo ya mavazi kulikuwa ubaguzi usio wa haki. Sheria za nchi hazifanani, na Ufaransa ilipita njia tofauti kabisa ilipopiga marufuku alama za dini zilizo wazi katika shule za umma mwaka 2004. Kwa hiyo jua kwanza sheria ya nchi yako inasemaje.

Kwa afya, pata karatasi ya daktari. Mtoto mwenye ukurutu anaweza kuhitaji pamba tupu badala ya kitambaa cha nailoni. Mwenye ulemavu anaweza kuhitaji zipu au mpira mahali pa vifungo. Wapo pia watoto ambao lebo ya shingoni au mshono wa soksi huwasumbua hadi wasisikie mwalimu anasema nini. Usimwite huyo mdekaji. Kata lebo, geuza soksi, uone kama asubuhi zenu zitabadilika.

Binti yangu anafupisha sketi, kijana anabana suruali. Nifanyeje?

Kaa naye, muulize anataka nini. Kijana wa umri huo anatafuta kujitambulisha, na sare inamwambia afanane na wote. Mwachie eneo la kuchagua ambalo kanuni haikatazi: begi, jalada la daftari, saa, mtindo wa nywele unaoruhusiwa. Mengine mwambie wazi kwamba ni kanuni, hata wewe kama hukubaliani nayo, na kwamba ukitaka ibadilishwe utakwenda kuisemea kikaoni. Usiipinge kanuni mbele yake halafu umtume aitii.

Na mara nyingine sketi ni fupi kwa sababu amerefuka. Pima kwanza.

Jina niliandike wapi?

Upande wa ndani: kwenye lebo ya ukosi, kiunoni, ndani ya kiatu, kwa uzi au kalamu isiyofutika. Usiliandike nje ya begi, maana mtu asiyemjua ataweza kumwita kwa jina lake njiani naye akadhani wanafahamiana.

Nguo za michezo ni lazima?

Siku za michezo, ndiyo. Mtoto aliyevaa viatu vya ngozi huteleza, na shati lililoloa jasho asubuhi atakaa nalo mpaka jioni.

NYUMBANI

Mimi sikusoma sana. Nitamsaidiaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, ingawa wanaoliuliza huliuliza kwa sauti ya chini. Huhitaji kulijua somo. Unahitaji kuuliza na kusikiliza.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoweka katika saa na siku za mwanzo kabisa, na kwamba kurudia kunapunguza upotevu huo. Karne moja na zaidi baadaye, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi ya kusoma. Baadhi waliisoma tena. Wengine waliifunika wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa na mengi zaidi kichwani.

Sasa rudi jioni ya nyumbani kwako. Mtoto anapopitisha macho kwenye daftari kwa mara ya nne anajiona anajua, kwa sababu maneno ameyazoea. Mwambie alifunge. Muulize: "Leo mmejifunza nini kwenye sayansi? Nieleze mimi, maana mimi sijui." Usimsahihishe, huwezi na si lazima. Muulize "kwa nini?" na "mfano wake?" Atakapokwama, mwache afungue daftari atafute, alifunge tena, aendelee. Kukwama kule na kutafuta ndiko kujifunza kwenyewe. Mzazi asiyejua somo ana faida hapa, kwa kuwa maswali yake ni ya kweli na mtoto anajiona mwalimu.

Nimewahi kuwa na mwanafunzi ambaye bibi yake hakujua kusoma hata herufi. Kila jioni alimtaka mjukuu "amsomeshe". Kijana yule alikuwa anaeleza mambo darasani kwa ufasaha ambao wenzake wenye wazazi wasomi hawakuwa nao.

Asome kwa muda gani kila siku?

Kipimo kinachotumiwa sana, na ambacho mtafiti Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke amekitetea, ni dakika 10 kwa kila darasa: wa darasa la kwanza dakika 10, wa la tatu 30, wa la sita 60. Mapitio yake ya tafiti, ya mwaka 2006, yalionyesha kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na matokeo ni mkubwa zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko kwa wadogo. Mtoto wa miaka saba aliyekazwa mezani saa mbili hapati ziada; anachopata ni kuchukia daftari. Na muda ule ukatwe vipande. Dakika 15 leo na 15 kesho kutwa zina thamani kuliko 30 za usiku wa kuamkia mtihani.

Nimsaidie kazi ya nyumbani mpaka wapi?

Usishike kalamu. Ukishika kalamu, kazi imekuwa yako, na mwalimu atasahihisha akili yako akidhani ni ya mtoto. Soma naye swali, mwombe alieleze kwa maneno yake, muulize hatua ya kwanza ni ipi. Akishindwa kabisa, acha nafasi wazi na uandike pembeni: "Tulijaribu, hakuelewa hatua ya pili." Kwangu mimi nafasi wazi ya namna hiyo ni zawadi, kwa kuwa inanionyesha pa kuanzia kesho.

Hesabu inahitaji tahadhari ya peke yake. Utafiti wa Erin Maloney, Sian Beilock na wenzao, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu watoto wa darasa la kwanza na la pili. Wazazi wenye hofu ya hesabu walipowasaidia watoto mara kwa mara, watoto walijifunza hesabu chache kuliko wenzao mwaka ule na hofu yao ikaongezeka. Wazazi wenye hofu ambao hawakusaidia mara nyingi hawakuleta madhara hayo. Ikiwa hesabu ilikutesa, basi usiseme mbele ya mtoto "sisi kwenye ukoo wetu hesabu hatuziwezi". Msikilize, mpe muda, mtafutie mkubwa mwingine asiyeziogopa. Na hesabu za maisha ya kawaida zifanyeni pamoja bila daftari: kuhesabu ngazi, kupima nguo kabla ya kuishona, kukisia dakika za kufika.

Hatuna chumba cha kusomea wala meza.

Wengi hawana. Anachohitaji ni pahali pale pale kila siku, mwanga wa kutosha, na nusu saa ambayo hakuna anayemtuma. Kona ya kitanda na ubao juu ya magoti hufaa. Nyumba ikiwa na kelele, tafuteni saa iliyo tulivu. Kwa wengine ni alfajiri. Nimeona familia moja ambapo wote, wakubwa kwa wadogo, hukaa kimya nusu saa, mwenye daftari anasoma, asiye nalo anashona vifungo au anakunja nguo. Watoto hawakuhisi wametengwa kwenda kuadhibiwa.

Tuzungumze lugha gani nyumbani?

Ile unayoimudu vizuri zaidi. Wazazi huacha lugha yao wakatumia lugha ya shule iliyovunjikavunjika, kwa nia njema, na mtoto anabaki na mazungumzo mafupi ya amri tupu: njoo, kaa, nenda. Jim Cummins wa Chuo Kikuu cha Toronto ameeleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba uwezo wa kufikiri na kusoma uliojengwa katika lugha ya kwanza huhamia kwenye ya pili. Mtoto anayejua kusimulia kisa chenye mwanzo, sababu na mwisho katika lugha ya nyumbani anayo tayari kazi ngumu. Yanayobaki ni maneno.

Kwa hiyo simulieni. Hadithi, vitendawili, habari za siku, kisa cha babu alivyopotea njia. Kwa wadogo someni kwa sauti hata kitabu kile kile kila siku. Wakikijua kwa moyo, wataanza kuyatambua maneno wenyewe.

Simu na televisheni tuzifanyeje?

Wakati wa kusoma, simu zikae chumba kingine, na ya mzazi ikiwamo. Mtoto akikuona unaitazama yako, hakuna hotuba itakayomshawishi. Kazi ikihitaji intaneti, aandike kwanza kwenye karatasi maswali anayokwenda kuyatafutia majibu, ayapate, arudishe simu. Mengine yapangeni wenyewe na mshike mlichopanga. Kanuni ndogo inayofuatwa kila siku ni bora kuliko kali inayovunjwa kila Jumamosi.

Alale saa ngapi?

Chuo cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya usingizi, American Academy of Sleep Medicine, kilitoa mwongozo mwaka 2016: watoto wa miaka 6 hadi 12 walale muda wa saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Fanya hesabu kwa kurudi nyuma. Mtoto wa miaka minane anayeamka saa kumi na moja alfajiri anapaswa awe ameshalala saa mbili usiku. Mzazi akiniambia mwanawe "hasikii" darasani, swali langu la kwanza huwa hilo, kabla ya masikio na kabla ya akili.

Hapa sare inaingia tena. Nguo, soksi, viatu na begi vikiwa tayari kabla ya kulala, mtoto anapata dakika 20 zaidi za usingizi, na asubuhi haianzi kwa kutafuta soksi ya mguu wa pili huku watu wakigombezana.

Alama zimeshuka. Nimgombeze?

Mwombe akuonyeshe karatasi ya mtihani, siyo alama peke yake. Pitieni makosa moja moja mkiyagawa: haya hukujua, haya ulijua ukakosea kwa haraka, haya hukuelewa swali. Kila fungu lina dawa yake. Kiboko hakina swali kinalolijibu, na mtoto aliyepigwa kwa ajili ya karatasi ataificha inayofuata.

Sifa nazo zina namna yake. Claudia Mueller na Carol Dweck, katika majaribio waliyochapisha mwaka 1998, waliwasifu baadhi ya watoto kwa kuwa na akili na wengine kwa juhudi. Walipoletewa maswali magumu wakashindwa, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi na matokeo yao yakashuka. Sifu ulichokiona: "Umerudia lile swali mara tatu mpaka likatoka." Maneno hayo anaweza kuyatumia kesho. "Wewe una akili" hayampi la kufanya.

Nimtafutie tuisheni?

Kwanza muulize mwalimu wa darasa anakwama wapi hasa. Tatizo likiwa somo moja au mada moja, mwalimu wa kumsaidia kwa wiki chache ni msaada mkubwa. Likiwa usingizi, macho, hofu au kuonewa na wenzake, tuisheni itaongeza uchovu juu ya tatizo lile lile.

Nafanya kazi usiku, au niko mbali na mwanangu. Ninaweza kusaidia kweli?

Ndiyo. Chagua dakika 10 zisizobadilika, hata kwa simu, hata kwa sauti iliyorekodiwa ambayo ataisikiliza jioni. Muulize jambo moja mahususi: "Jana ulisema mnaanza habari za mimea. Mmefika wapi?" Swali la aina hiyo linamwambia kwamba jana ulimsikia. Anayebaki naye nyumbani mpe kazi tatu za kusimamia na usimwongezee: daftari lifunguliwe, nguo ziandaliwe, alale kwa wakati.

Nikimwona mwalimu niulize nini?

Usiishie kwenye "anaendeleaje?", maana jibu lake ni "vizuri". Uliza: anapokwama, hufanya nini? Anaomba msaada? Anakaa na nani? Kuna jambo moja ninaloweza kufanya naye nyumbani wiki hii? Kisha urudi baada ya wiki mbili ueleze mlivyofanya. Na ukienda, mweleze mwalimu asichoweza kukiona yeye: msiba, kuhama, mtoto mchanga, kazi iliyopotea. Sisi tunamwona mtoto amevaa sare sawa na wengine, na mara nyingi hatujui asubuhi hiyo imetoka nyumba gani.

Mwanangu kila siku anasema hakuna kazi ya nyumbani.

Huenda ni kweli. Mwambie basi alete daftari lolote, alifunge, akueleze la leo kwa dakika tano wewe ukianua mashati.